Nyasi Zilizozidi Bandani

Majina ya watu wote wa kwetu nayajua, hata ya ng'ombe wao, lakini juzi nyasi zangu mwenyewe zilinishinda kuzijua.

Tulianika mimi na jirani yangu Masalu, kila mtu zake, ubavu kwa ubavu. Katikati ya zangu nikachomeka kijiti chenye kanga kuukuu, kiwe alama. Jua likafichwa, nikahisi baridi, nikang'oa kijiti, nikajitanda kanga. Jua likarudi, nikakichomeka tena.

Mara wingu likaja kutoka upande wa Nansio, jeusi tii. Nikapiga yowe: "Kabula! Mbuke! Ng'ombe watakula nini kiangazi?"

Wakamwana zangu hao wakaja mbio. Tukashindilia nyasi kwenye sanduku la mbao, tukafunga marobota kwa kamba, tukayajaza bandani kwangu. Yalikuwa mengi mpaka nikachanganyikiwa, nikasema basi, Mungu amezidisha.

Mvua inashuka, Masalu huyo, kajifunika gunia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Masalu. Nyasi zako umeziwahi?"

"Umeziwahi wewe, bibi, nashukuru. Zako ndizo zile zinalowa. Kijiti ulikirudishia kwangu."