Mikono ya Mama Mistari

Mtaani walimwita Mama Mistari, kwa sababu njia alizochora kichwani kwa mpini wa kitana zilinyooka kama zimepigwa rula. Alikuwa msusi kwa miaka ishirini na mitatu, katika chumba chenye viti viwili, beseni la kuoshea nywele na kioo kirefu. Wapo wateja aliowasuka wakiwa wanafunzi, na sasa wanamletea binti zao.

Maumivu yalianza kwenye vifundo vya vidole vya mkono wa kulia, kisha wa kushoto ukafuata. Asubuhi aliamka ngumi zimejikunja, hazikunjuki mpaka jua lipande. Alijipaka kila mafuta aliyosikia yanasifiwa. Vidonge vya maumivu alivibugia kama karanga. Mumewe, fundi baiskeli asiye na maneno mengi, alipomuuliza, alijibiwa, "Uzee huo, baba watoto. Ulitaka nibaki msichana?" Alikuwa na miaka arobaini na minane. Mumewe hakubishana. Akaanza tu kumfunga vifungo vya blauzi kila asubuhi.

Jumamosi moja alikuja mwari wa kuolewa kesho yake, anataka rasta nyembamba kichwa kizima. Ilipofika saa saba mchana, nusu ya kichwa ilikuwa tayari, na vidole vikagoma. Kila alipobana nywele, zilimponyoka. Mwari akamtazama kupitia kioo.

"Mama, unalia?"

"Jasho tu, mwanangu."

"Jasho la macho?"

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saluni ya msusi mwingine, aliyejulikana kama Chapuchapu kwa wepesi wake. Walikuwa hawasalimiani, mwaka wa nne huo, tangu Mama Mistari aseme mbele za watu kwamba nywele za Chapuchapu hufumuka kabla mteja hajafika nyumbani. Wakikutana bombani, kila mmoja alitazama ndoo yake.

Mama Mistari akavuka barabara.

"Hodi. Nimekuja kuazima mikono."

Chapuchapu alimwangalia kwa muda, akitafuta tusi lilipojificha. "Mikono ipi? Hii inayosuka nywele za kufumuka njiani?"

"Hiyo hiyo, dada. Yangu imekataa."

Chapuchapu akaacha sahani yake ya chakula mezani, akaja. Alisuka upande uliobaki taratibu kuliko alivyowahi kusuka maishani, ili ulingane na ule wa kwanza. Mwari alipoondoka akicheka mbele ya kila dirisha la duka, Chapuchapu alimshika mwenzake mkono na kuvigusa vifundo vilivyovimba.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili. Uzee, mwenzangu."

"Mama yangu naye alisema uzee. Alipofika hospitali vidole vilikuwa vimeshapinda kama mizizi. Vyako bado. Jumatatu nakupeleka."

"Na wateja wako?"

"Watangoja. Wanajua nikirudi ni chapuchapu."

Daktari alibonyeza kifundo kimoja kimoja, akapima damu, akapiga picha za mikono. Kisha akaeleza: ni baridi yabisi, kinga ya mwili imepotea njia na inavishambulia viungo vya mwenyewe. Hata vijana huupata ugonjwa huu. Hautaondoka kabisa, lakini hutulia ukitibiwa mapema. Alimpa dawa ya kumeza mara moja kwa wiki, akamtaka arudi kupimwa damu, na kumwonya kwamba nafuu itachelewa. Mtaalamu wa mazoezi akamwonyesha jinsi ya kuloweka mikono katika maji ya uvuguvugu, kisha kukunja na kukunjua vidole polepole.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya tano, hakuna kitu. Akasema anaacha. Mumewe akapasha maji, akaketi mbele yake, akatumbukiza na mikono yake yenye grisi kwenye beseni lile lile.

"Wewe unaumwa nini?" Mama Mistari akauliza.

"Upweke," alijibu. "Haya, hesabu. Moja!"

Wakawa wanafanya pamoja kila asubuhi, wakishutumiana kuruka namba.

Wiki ya kumi na moja, alikuwa anapanga vikombe kabatini alipogundua amekwisha kuvaa, vifungo vyote vimekaa, na hakumbuki kuvifunga. Akaketi kwenye kigoda. Safari hii hakusingizia jasho.

Siku mbaya bado zipo. Zikija, hawezi hata kufungua chupa ya mafuta. Lakini ni chache, na hazimkuti peke yake tena, maana Chapuchapu alihamisha viti vyake vikaja upande huu. Mama Mistari anagawa njia, anaosha, anasuka mabutu manene. Rasta nyembamba anaiachia mikono ya mwenzake. Nywele hazifumuki, na foleni inakwenda. Kila mteja mwenye kulalamika vidole huambiwa na wote wawili, kwa sauti moja, aende hospitali.

Kilichobaki ni jina la kuandika juu ya mlango. Mmoja anataka Mistari litangulie, mwingine anataka Chapuchapu. Fundi wa mabango amekwisha kuja mara mbili na rangi yake, akanyweshwa chai, akarudi alikotoka.