Mlango Wenye Ngumi

Ijumaa jioni nilikuwa saluni Ihumwa nikisukwa, redio ikipiga ule wimbo wa yule binti anayetuchezesha kila harusi mwaka huu. Mnaujua. Mke anaulizwa jicho limevimbaje, anajibu, "Nimejigonga mlango." Waitikiaji wanamdaka: "Mlango gani huo, una ngumi?" Hapo hata uwe umekalia kigoda, lazima kiuno kizunguke.

Kando yangu aliketi mama mmoja aliyetoka kazini Mtumba, kitambulisho cha ofisi kikiwa bado shingoni. Msusi wake alimfungua mtandio, akaanza kuchambua nywele, kisha vidole vyake vikasimama juu ya sikio.

"Dada, hapa pamekuwaje?"

"Nimejigonga mlango."

Saluni nzima tuliangua kicheko. Msusi akadakia, "Mlango gani huo, una ngumi?" Mteja mmoja akainuka akacheza, kitana mkononi. Mimi nilicheka hadi nikafuta machozi. Yule mama naye alicheka, ila alichelewa kuanza, na macho yake yakanitafuta kwenye kioo. Nilidhani ananisifia kwa kucheka vizuri.

Tulipotulia akamwambia msusi, kwa sauti ya chini, "Upande huo suka taratibu, mdogo wangu. Panauma."

Hakuna aliyezima redio. Hakuna aliyesema pole, hata mimi ninayewaandikia haya kila wiki kama mtu mwenye akili.

Yule binti wa wimbo alitutungia swali tuwaulize wenzetu. Sisi tumelifanya kiitikio, na kiitikio hakisubiri jibu.