Tembo wa Kwenye Ukungu

Jumapili basi letu la kutoka Karatu lilisimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro ili rejeta ipoe. Tulishuka kwenye ukungu mzito, hata dereva nilimtambua kwa kikohozi chake. Baba mmoja, aliyewaleta wanawe wawili kutembea, aliwapanga mbele yake akanyoosha fimbo.

"Kule chini ni ziwa. Kushoto kwake kuna tembo watatu. Mnawaona?"

"Tunawaona, Baba," waliitikia kwa pamoja, kama wako darasani.

"Yule mkubwa anafanya nini?"

Mdogo alifikiri kwanza. "Anakula."

"Vizuri sana."

Mke wake alikuwa amekaa kando na kapu la viazi, ametupa mgongo sisi sote. "Baba watoto," alisema taratibu, "mbona upepo wa bonde unatokea huku?"

"Mama, usiwachanganye watoto."

Sisi abiria wengine tukazidi kuisogelea fimbo.

Ukungu ulipoinuka, mbele yetu palikuwa na ukuta wa udongo mwekundu uliochongwa walipopasua barabara, na punda mmoja. Kreta nzima, na ziwa lake, ilikuwa nyuma yetu. Yule mama alikuwa anaitazama huku akimenya kiazi.

Mdogo alimvuta baba yake koti. "Baba, tembo wako wapi?"

"Wamehama."

Ningependa kumcheka yule baba, lakini siwezi. Wakati huo nilikuwa nimeshamwonyesha jirani yangu tembo wa nne.