Karatasi Mbili, Muhuri Mmoja

Nzula Mwololo alikuwa mhasibu kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema anaipenda kazi yake. Ungemwuliza, angekujibu hapo hapo: "Ni kazi tu. Inalipa nyumba."

Aliingia uhasibu kwa sababu ya baba yake. Mzee Mwololo alichonga mawe machimboni maisha yake yote, na kila Jumamosi alipanga foleni juani mbele ya meza ya karani wa malipo, ambaye alikaa kivulini na soda yake. Mzee akaamua binti yake atakaa upande ule wa meza. Akauza ng'ombe wawili, akamlipia masomo ya CPA, cheti cha uhasibu. Nzula akapita mitihani yote bila kurudia hata mmoja, akaajiriwa na ushirika mmoja wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wenye ofisi Kitengela, akakaa kivulini. Basi.

Alichokipenda yeye ni mapazia. Kitengela nyumba mpya zinaota kila wiki, na kila nyumba mpya ina madirisha. Alikuwa na cherehani mbili sebuleni, na mwaka huo alikuwa amelipia kibanda karibu na soko. Barua ya kuacha kazi ilikuwa imeshaandikwa. Ilibaki kutia tarehe tu.

Jumatatu moja, kabla hajamaliza chai ya saa nne, mwenyekiti wa ushirika aliingia ofisini kwake bila hodi. Mzee Saning'o alikuwa mwalimu mstaafu na mfugaji, mtu wa kusalimia kila mtu kwa zamu hata kama wako ishirini. Siku hiyo hakusalimia.

"Madam Nzula, Alhamisi niko na wanachama mia tatu Kajiado. Wanataka kujua maziwa yao inaenda wapi."

Habari yenyewe Nzula alikuwa ameisikia nusunusu. Ushirika ulikuwa na kituo mjini Kajiado, ambako wanachama walileta maziwa kila asubuhi, yakapimwa na kuwekwa kwenye tangi la baridi kabla ya lori kuyachukua. Tangu mwaka uanze, mara kumi na moja, fomu zilikuja zikisema maziwa yamemwagwa: stima imepotea, jenereta haina dizeli, maziwa yameharibika. Kisha mama mmoja, mwanachama, akaona mitungi yenye alama ya ushirika ikishushwa nyuma ya hoteli, siku ile ile ambayo maziwa yalisemekana yamemwagwa. Kamati ikamsimamisha kazi Nailantei, msichana aliyepokea maziwa pale kituoni, kwa sababu kila fomu ilikuwa na sahihi yake.

"Niwekee hasara yote kwenye karatasi moja," mwenyekiti alisema. "Lita, pesa, tarehe. Nitasomea watu, halafu tupelekee polisi."

"Nailantei mwenyewe anasema nini?"

"Analia tu. Wewe niletee hesabu."

Ilikuwa kazi ya saa mbili. Fomu zilikuwa kwenye faili lake. Nzula alizipanga mezani, akajumlisha: lita elfu mbili mia saba na hamsini. Chini ya kila fomu palikuwa na muhuri wa IMEKAGULIWA, na juu yake herufi N.M. kwa wino wa bluu. Aliutazama muhuri wake mwenyewe akajaribu kukumbuka amekagua nini. Ukweli ni kwamba hakuwa amekagua kitu. Kila mwisho wa mwezi Parsaoti, meneja wa usafirishaji, alimletea bunda la karatasi, naye akazigonga muhuri moja baada ya nyingine huku akiwaza vitambaa.

Saa nane karatasi ya mwenyekiti ilikuwa tayari. Angeweza kuichapa na kwenda zake. Kilichomzuia kilikuwa kidogo sana: tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Tarehe hiyo alikuwa ameiona mahali pengine. Alikuwa amelipia kitu.

Akatoa faili la malipo, akapekua. Dizeli, lita arobaini, jenereta ya kituo cha Kajiado, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Risiti imebandikwa. Imekaguliwa, N.M.

Akaiweka kando ya fomu ya siku hiyo hiyo. *Jenereta haina dizeli.* Imekaguliwa, N.M.

Nzula akafunga faili. Akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akalifungua tena. Labda ni bahati mbaya. Akatafuta tarehe ya pili, na ya tatu. Kufikia saa kumi na moja alikuwa amezimaliza zote. Kati ya mara kumi na moja, mara tisa dizeli ilikuwa imenunuliwa siku hiyo au siku iliyotangulia. Ama dizeli haikununuliwa, ama maziwa hayakumwagwa. Maombi yote ya dizeli yaliandikwa na Parsaoti, na Parsaoti ndiye aliyemletea fomu zote za maziwa. Na Parsaoti alikuwa mtoto wa ndugu yake mwenyekiti.

Jumanne alizibeba nakala nyumbani ndani ya mfuko wa vitambaa. Mumewe Nzioka, fundi wa mageti, aliporudi jioni alizikuta zimetandazwa sakafuni mbili mbili, cherehani zimefunikwa.

"Mama Nzisa, hiyo pazia Yvonne ameagiza si inatakiwa kesho?"

"Ngoja."

"Hujaigusa hata."

"Nimesema ngoja, Nzioka."

Akamweleza. Nzioka akasikiliza akiwa amesimama, buti bado mguuni.

"Si wewe mwenyewe unasema hii ni kazi tu? Mwezi ujao umetoka. Wape karatasi wanayotaka, uende zako."

"Na huyo msichana?"

"Ni ndugu yako?"

"Nimemwona mara tatu maishani."

"Sasa?"

Nzula akaziokota karatasi mbili za mwezi wa tatu, akamwinulia. "Hizi haziwezi zote kuwa kweli. Na mimi nimesema zote ni kweli. Nimegonga muhuri. Kila nikifumba macho naziona hivi, ziko kando kando."

Nzioka akachuchumaa, akazisoma polepole.

"Ukionyesha hii, watakuuliza ulikuwa unakagua nini."

"Najua."

"Watasema mlikula pamoja na huyo Parsaoti. Watakufuta, na hiyo CPA yako ikuwe na doa."

"Nzioka, najua!" Sauti yake ilipanda hata akashtuka mwenyewe. Hakuwahi kupandisha sauti kwa ajili ya kazi. Nzioka akaenda jikoni kuwasha gesi, na wali wa siku hiyo akaupika yeye.

Jumatano asubuhi Nzula aliomba ruhusa, akaenda Kajiado. Nyumba ya Nailantei ilikuwa nje kidogo ya mji, ya mabati, ua wa miiba umezunguka. Mama yake alikuwa mlangoni akichambua mboga.

"Takwenya, yeiyo," Nzula alimwamkia mama kwa Kimaasai.

"Iko," mama aliitikia, lakini hakuinuka.

Nailantei alitoka na mtoto mgongoni. Alipomtambua mgeni, akakunja uso.

"Umekuja kuangalia mahali mwizi anakaa?"

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Mwezi wa nne fomu mbili zimefuatana, tarehe tatu na tarehe sita. Ulikuwa kazini?"

"Tarehe mbili mtoto alilazwa. Nilikaa na yeye hospitali mpaka tarehe tisa. Nilimwambia Parsaoti, akasema ataweka mtu." Akaingia ndani, akarudi na karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, jina la mama aliyelala na mtoto.

Nzula akatoa fomu za tarehe tatu na tarehe sita. Nailantei akaziangalia.

"Hiyo sio sahihi yangu. Hizi fomu hakuna mtu alinionyesha."

"Sasa naona."

"*Sasa* unaona." Akamrudishia fomu. "Hii muhuri ni yako. Uligonga juu ya jina langu mara kumi na moja. Namba yangu uko nayo. Haukunipigia hata siku moja uniulize, Nailantei, hii maziwa yote imeenda wapi?"

Nzula alipiga picha ya karatasi ya hospitali, akashukuru, akaondoka. Mama hakuinua kichwa.

Alikuwa hajafika barabarani pikapu ya ushirika ilipomsimamia kando. Parsaoti akashusha kioo. Alikuwa mtu mtanashati, wa kucheka na kila mtu ofisini.

"Madam! Ungesema unakuja Kajiado, ningekubeba."

"Nilikuwa na shughuli yangu."

"Naona shughuli." Alitupa jicho kule kwenye mabati, kisha akapunguza sauti. "Sikiliza, dada. Ofisini wanasema umepekua mafaili. Hizo karatasi ni muhuri ya nani iko hapo? Yangu? Ukinizamisha tunazama wawili. Na mzee ni ndugu ya baba yangu. Unadhani atachukua neno la nani?" Akatabasamu. "Nasikia kile kibanda chako cha mapazia ni kizuri. Enda ushone. Hii ya ng'ombe tuachie wenye ng'ombe."

Pikapu ikaondoka. Nzula alisimama pale, na kwa dakika nzima akafikiria kufanya hivyo hivyo alivyoambiwa. Karatasi ya mwenyekiti ilikuwa tayari. Hakuna ambaye angewahi kuziweka zile karatasi nyingine kando kando.

Usiku huo hakulala vizuri, na Alhamisi saa tatu alikuwa Kajiado tena, kwenye uwanja wa kituo. Hema lilikuwa limejaa hadi nje. Akamfuata mwenyekiti pembeni.

"Mzee, kabla hatujaanza, kuna kitu lazima uone."

"Baada ya mkutano."

"Mzee, baada ya mkutano itakuwa tumechelewa."

"Madam, watu wamekaa juani." Akageuka.

Maombi yakafanywa, wageni wakatambulishwa, kisha mwenyekiti akatangaza kwamba mhasibu atasoma hasara. Nzula akasimama. Parsaoti alikuwa amekaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu. Nailantei alikuwa nyuma kabisa karibu na ukuta, peke yake, nafasi tupu kushoto na kulia kwake.

"Maziwa yaliyopotea ni lita elfu mbili mia saba na hamsini," Nzula alisema. "Lakini kabla sijaendelea, mtu wa kwanza mwenye makosa hapa ni mimi. Kazi yangu ni kukagua, na sikukagua. Niligonga muhuri tu."

Mwenyekiti akageuka taratibu kumtazama.

Nzula akainua karatasi mbili za kwanza. Akasoma ya maziwa, akasoma ya dizeli. Akazishusha, akainua nyingine mbili. Kufikia jozi ya nne watu walikuwa wameanza kumtangulia, yeye akisoma tarehe, wao wakisema kwa pamoja, "Dizeli iko!" Alipofika mwezi wa nne akasoma tarehe za hospitali. Pale nyuma mama mmoja akauliza kitu kwa Kimaasai kwa sauti kali, na jirani yake akamtafsiria Nzula: "Anauliza, kama msichana alikuwa hospitali, nani aliandika jina lake?"

Parsaoti akaruka. "Huyu anajificha! Ni yeye amekula na huyo msichana! Muhuri si ni yake?"

"Muhuri ni wangu," Nzula alisema. "Sijakataa."

Mzee Saning'o akanyoosha mkono. Akapewa karatasi zote, akavaa miwani. Alizisoma moja moja kama mwalimu anayesahihisha. Alipomaliza, aliweka fomu moja ya maziwa juu ya ombi moja la dizeli.

"Parsaoti," aliita kwa upole uliotisha kuliko kelele. "Nimekufundisha darasa la nne. Hii mwandiko najua. Kwa nini iko kwenye fomu ya Nailantei?"

Parsaoti alisema ana faili kwenye gari ambalo litaeleza kila kitu. Akatoka kulichukua. Hakurudi. Siku tatu baadaye alijipeleka polisi akiwa na wakili, na kesi bado inaendelea.

Nailantei alirudishwa kazini na mshahara wake wote. Kuhusu Nzula, kamati ilikaa mara mbili. Wawili walitaka afutwe, na hakuwalaumu. Mwishowe akapewa barua ya onyo na kukatwa mshahara wa mwezi mmoja. Mwenyekiti aliileta mwenyewe, na mara hii alibisha hodi.

"Ungengoja mtu mwingine aione, ningekufuta mimi mwenyewe," alisema. Yeye na ndugu yake, baba yake Parsaoti, hawakuwa wanaongea tena. Nzula alilijua hilo, naye hakulitaja.

Kibanda cha soko alimwachia dada yake Kalekye. Nzioka alimwuliza kama sasa ndiyo ameipenda hiyo kazi, naye akaendelea kukunja nguo. Akasema hajui. Akasema mapazia yanampa raha, lakini hakuna pazia lililowahi kumnyima usingizi. Nzioka akasema hiyo ni sababu ya ajabu ya kubaki mahali, wakacheka.

Siku hizi kila Ijumaa huwa Kajiado asubuhi, kando ya tangi, akiandika lita mwenyewe Nailantei anapozisoma. Wiki za kwanza Nailantei alisoma namba tu, bila salamu, bila kumtazama, na Nzula aliziandika tu. Ijumaa iliyopita mtungi wa mwisho ulipopimwa, Nailantei alijipangusa mikono, akaja akainama juu ya daftari.

"Hii saba yako ni kama moja," alisema. "Andika vizuri."

Nzula akaifuta, akaiandika upya, akamgeuzia daftari aione.