Mkono Niliokataa Kuushika

Ipo siku ambayo hainitoki, mwanangu, ingawa miaka mingi imepita na magoti yangu haya yamesahau kabisa kwamba yaliwahi kukimbia. Naikumbuka leo kwa sababu Jumapili iliyopita, baada ya ibada, niliwasikia mkibishana pale ukumbi wa kanisa, Acocks Green, vikombe vya chai mkononi, juu ya wachezaji wanaopiga goti wimbo wa taifa unapopigwa. Mmoja wenu alisema wanaitukana nchi inayowalisha. Mwingine akasema ni haki yao, na asiyetaka kuona afumbe macho. Mlisema kwa Kiingereza, kama kawaida yenu, mkidhani sisi wazee tunashughulika na sahani tu. Nilisikia yote. Sikuingilia, kwa sababu ninayoyajua kuhusu jambo hilo hayasemeki kwa dakika mbili, na pia, nikisema kweli, kwa sababu bado yananitia haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka Wundanyi, Kenya, na kufika huku kwa Waingereza mwaka mmoja na nusu kabla, nasomea unesi, na siku zisizo na masomo nilifanya kazi kwenye makao ya wazee kule Castle Vale. Niliogesha, nililisha, nilibadilisha shuka. Jioni nilikimbia. Klabu yetu ilikuwa ndogo, na wanawake wanne tulikuwa timu ya mbio za kupokezana vijiti. Wawili walikuwa wazaliwa wa hapa, wa tatu mimi, na wa nne alikuwa Hodan.

Hodan alikuwa Msomali wa Garissa, Mkenya kama mimi. Familia yake ilikaa Uholanzi kwanza, kisha ikahamia Hodge Hill. Kiswahili chake kilikuwa cha haraka, kisicho na subira, na kwenye mazoezi tulikitumia makusudi ili kocha asijue tunavyomsema. Wewe umezaliwa hapa, huenda hujui raha ya kumpata mtu wa kucheka naye kwa lugha yako katika mji wa baridi. Kwangu mtu huyo alikuwa yeye.

Mwaka ule kakake, Abdi, aliingia duka moja kubwa katikati ya mji kununua viatu. Wakati wa kutoka, walinzi walimdhania mwizi. Wakamlaza sakafuni, wakamkunja mkono nyuma mpaka bega likavunjika. Risiti ilikuwa mfukoni mwake. Hodan aliandika barua kwa wenye duka na kwa kila ofisi aliyoelekezwa. Likaja jibu moja tu, la mistari miwili, kwamba walinzi walifuata utaratibu. Abdi alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Mkono wake wa kulia haukuinuka tena kupita kifua.

Kiangazi kile kulikuwa na mashindano ya vilabu. Askari wa nchi hii walikuwa vitani ng'ambo wakati huo, na baadhi yao walikuwa wanarudishwa wakiwa maiti. Waandaaji wakaamua kwamba kabla ya medali kutolewa, bendera ipandishwe, wimbo wa taifa upigwe, na familia zilizofiwa zikae mstari wa mbele. Nakuambia haya usije ukafikiri waliokasirika siku ile walikuwa watu wabaya. Niliwaona kwa macho yangu. Kulikuwa na mama mmoja aliyeikumbatia picha ya kijana wake kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

Tulishinda mbio zetu. Tulipokuwa chumba cha kubadilishia nguo tukisubiri kuitwa, Hodan alitoa kwenye mkoba kitambaa cheupe cha hospitali, kile alichofungiwa Abdi mkono. Akaanza kujifunga nacho mkono wake mwenyewe.

“Wakesho,” akaniambia, “wimbo ukianza nitaipa bendera mgongo na nitainamisha kichwa. Sitasema kitu.”

“Leo, Hodan? Na hawa watu wamefiwa?”

“Hiyo nimeiwaza wiki nzima. Nimeandika barua kumi na moja. Kuna mtu amenisikiza?” Akakaza fundo kwa meno. “Sikuombi ufanye kama mimi. Nataka tu unishike huu mkono mwingine, nisisimame peke yangu.”

“Sawa,” nikamwambia. “Nitakushika.”

Tukapanda jukwaani, yeye kushoto kwangu. Wimbo ulipoanza akageuka taratibu, akainamisha kichwa. Kwa muda mfupi hakuna aliyeelewa. Kisha sauti za kuzomea zikaanza nyuma, zikasogea mbele, mpaka wimbo wenyewe ukawa hausikiki vizuri. Mkono wake uliutafuta wangu. Niliuhisi ukigusa vidole vyangu. Nami, mwanangu, nilibana mikono yangu mapajani na kutazama bendera.

Hilo peke yake lingetosha kuwa aibu ya maisha, lakini sikuishia hapo. Tuliposhuka, mwandishi wa gazeti alitusubiri pamoja na katibu wa klabu. Akaniuliza kama nilijua mwenzangu alichopanga. Nilifikiria kibali changu cha masomo. Tulikuwa tumesikia uvumi kwamba mwanafunzi wa kigeni akiingia kwenye zogo atarudishwa kwao. Nikasema sikujua, kwamba alitudanganya sote. Kisha nikaongeza jambo ambalo sikuulizwa. Nikasema, “Sisi Wakenya tumefundishwa heshima. Yeye si Mkenya kama sisi.”

Jumatatu maneno hayo yalikuwa gazetini, na jina langu chini yake.

Asubuhi hiyo, kwenye makao ya wazee, nilimpelekea uji Bi Doreen. Alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu, mtu wa hapo hapo Castle Vale, na mtoto wake wa pekee alikufa miaka mingi nyuma akiwa askari. Nilimkuta na gazeti mapajani na kioo chake cha kukuzia maandishi.

“Huyu ni wewe,” akasema, kidole kikiwa juu ya jina langu.

Nilidhani atanipongeza. “Ndiyo, Bi Doreen. Niliwaambia kwamba haikuwa sawa.”

“Haikuwa sawa hata kidogo. Mwanangu alizikwa na bendera ile. Nimekasirika tangu nilipoamka.” Akasogeza kidole hadi jina la pili. “Lakini huyu Hodan si ndiye yule unayenisimulia kila wiki? Yule anayekuchekesha?”

“Ndiye.”

“Na hukujua atafanya nini?”

Kumdanganya mwandishi niliweza. Kumdanganya mama niliyemwogesha kwa mikono yangu, ulimi ulikataa. “Nilijua,” nikasema.

Akaweka kioo chini. “Mimi na huyo msichana tunaweza kugombana vizuri sana,” akasema, “kwa sababu yeye ametoa lake na mimi ninalo langu. Wewe nitagombana nawe juu ya nini? Lako hujalisema bado. Nenda ukaliseme. Ukimaliza, mlete hapa, nina maneno naye.”

Hakuugusa uji. Hakupandisha sauti pia, na ndiyo maana nilishindwa kujitetea.

Alasiri nilipanda basi mpaka Hodge Hill. Mama yake Hodan alifungua mlango, akanitazama, akasema, “Ingia. Viatu acha hapo.” Abdi alikuwa sebuleni. Akanipa mkono wa kushoto kunisalimu na kusema, “Niwie radhi, huu ndio mzima.” Nilitamani angenifukuza.

Hodan alishuka ngazi, akakaa mbali nami. “Umekuja kutafuta nini kwa nyumba ya mtu si Mkenya?”

Nikawaambia yote, mbele ya mama yake na kakake. Nilivyoahidi, nilivyobana mikono, nilivyosema uongo, na kwamba ile sentensi ya mwisho hakuna aliyeniomba, niliitoa ili nionekane mgeni mwema. Mama Hodan alisikiliza mpaka mwisho.

“Mimi nimezaliwa Garissa,” akasema, “na mama yangu alizaliwa hapo. Kitambulisho nilikihangaikia miaka mitatu, narudishwa dirisha hili na lile, naambiwa hayo maneno yako. Nimeyazoea. Lakini sikutegemea kuyasikia kwa mtu amekula kwa sahani yangu.”

Hakuna aliyenigombeza zaidi ya hapo. Hodan aliniambia tu, “Alhamisi kamati inanikalisha. Wanataka kunifukuza klabu kwa sababu niliwadanganya wenzangu. Shahidi wao ni wewe.”

Alhamisi nilikwenda. Mwenyekiti aliposoma maneno yangu ya gazetini, nikasimama. Nikasema, “Hayo ni uongo. Aliniambia kabla. Niliahidi kumshika mkono, nikaogopa.”

Mzee mmoja wa kamati, ambaye siku zote alinitendea mema, akaniuliza, “Kwa hiyo ulikubaliana naye?”

“Siku aliyoichagua sikukubaliana nayo,” nikajibu. “Sababu yake nilikubaliana nayo. Wala yeye hakunidanganya.”

Walibishana saa nzima. Mmoja alisema ana mpwa wake vitani na hatasahau. Mwingine akasema kama bega lingekuwa la mpwa huyo wangekuwa wanasema mengine. Mwishowe Hodan hakufukuzwa, ila alisimamishwa mpaka msimu uishe. Mimi niliondolewa kwenye timu kwa kusema uongo. Nilistahili. Kuhusu kibali, hakuna aliyeniuliza lolote, wakati ule wala baadaye. Nilikuwa nimemuuza rafiki kwa sababu ya uvumi.

Jumapili Hodan alikuja Castle Vale, maana nilikuwa nimemfikishia wito wa Bi Doreen. Hakuja kwa ajili yangu. Alisema mtu anayetaka kumgombeza uso kwa uso ana haki ya kupewa nafasi. Alivuta kiti akakaa karibu na kitanda.

“Uliniumiza,” Bi Doreen akamwambia.

“Najua. Na pole sana kwa mwanao, Bi. Sikuwa na neno naye.”

“Basi kwa nini uchague siku yao?”

“Kwa sababu siku zingine zote hakuna aliyeangalia.”

Bi Doreen akamtaka aeleze habari za Abdi tangu mwanzo. Hodan akaeleza: viatu, risiti, sakafu, zile barua. Yule mama aliuliza maswali madogo madogo: Abdi alikuwa anafanya kazi gani, anaweza kulala ubavu ule. Mwishowe akasema, “Bado ningependa ungechagua siku nyingine.”

“Na mimi bado ningeichagua ile ile,” Hodan akasema.

Bi Doreen akaniomba karatasi na kalamu, akawaandikia wenye duka barua yake mwenyewe, nusu ukurasa, maandishi yakipanda na kushuka kwa kutetemeka. Jibu lilifika kabla ya wiki kuisha. Lilikuwa refu, la heshima, limejaa masikitiko, na ndani yake meneja aliahidi kumwita Abdi na kumwomba radhi. Kweli alimwita, akamwomba radhi, kwa mdomo tu. Bega lilibaki lilivyokuwa.

Nilikuwepo Hodan alipoisoma barua hiyo ya majibu. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akairudisha. Bi Doreen alikuwa mwekundu usoni. Akasema polepole, kama anayejiambia mwenyewe, “Mimi sijawahi hata kuingia duka lile, na wamenijibu kwa barua moja.”

Hawakuwahi kukubaliana juu ya bendera, mwanangu. Lakini Hodan aliendelea kuja kila Jumapili mpaka yule mama alipofariki, na siku ya mazishi alikaa kiti cha mbele pamoja na watu wachache wa ukoo waliobaki. Kwangu ilichukua muda zaidi. Majira yote ya baridi Hodan alizungumza nami kwa Kiingereza peke yake, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na karani. Siku aliponiita kwa Kiswahili tena, kuniambia tu kwamba kamba ya kiatu changu imefunguka, niliingia chooni nikalia.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo nililotaka kukuambia tangu Jumapili. Ukimwona mtu amepiga goti au ameigeuzia bendera mgongo, usianze na goti lake. Anza kwa kuuliza kimemfika nini, na alibisha milango mingapi kabla ya kufika pale. Ukishasikia, una ruhusa ya kusema amekosea siku, amekosea mahali, hata amekuumiza. Mwambie yeye mwenyewe, kisha kaa umsikilize. Na ukiwa upande wake, usiwadharau wanaolia mbele ya bendera hiyo, maana machozi yao pia yana jina la mtu. Kutofautiana hakujawahi kuniharibia rafiki. Kilichoniharibia ni kuficha nilichokijua, na kununua usalama wangu kwa kumtoa mwenzangu katika watu wangu. Siku utakapoogopa, na utaogopa, sema kwamba unaogopa. Ningemwambia Hodan, “Siwezi, naogopa,” angenielewa na angesimama peke yake akijua yuko peke yake. Usiahidi ukakwepa. Na ukishakwepa, rudi mapema, ukaseme mbele ya wale wale uliosema uongo mbele yao, hata kama gazeti halitaandika.

Mungu akupe sikio la kusikia kabla ya kuhukumu, na moyo mpana wa kutosha kumweka anayelia na anayelalamika chini ya paa moja. Akulinde na hofu inayouza watu. Na pale utakapoteleza, akukutanishe na mtu wa kukuambia ukweli bila kukupigia kelele. Amina, mwanangu. Nenda salama.