Sifa za Soyun

Khole binti Amur wa Ibra ni mtu wa kusifu. Kazaliwa Unguja, kaletwa Omani mdogo, kazika mume, wanawe wote wamehamia Maskati, na umri wake wote hajapata kumtoa mtu kasoro mbele ya watu. Sasa mtu wa namna hii, hebu niambieni, nani alimtuma Abeer kwenda kumwuliza sifa?

Abeer ni binti wa kaka yake, mfanyakazi wa chuo. Chuo kilipokea wanafunzi wa Kikorea waje kujifunza Kiarabu, kikawaweka majumbani mwa watu. Khole akapata Soyun. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Khole hana jembe, akampa mbuzi akune nazi. Muhula haujesha, mtoto anajua Kiswahili kuliko hicho Kiarabu alichotumwa, na Khole analala vizuri kwa kuwa nyumba ina mtu. Alitaka jambo moja tu: Soyun abaki muhula wa pili.

Lakini kubaki kulikuwa na kipimo. Walimu wa Korea walitaka kujua kila mwanafunzi ana tabia gani ya kuishi na watu wa mila nyingine. Aliulizwa mwenyewe, kisha mwenyeji wake.

"Shikamoo shangazi. Nimekuja kuuliza sifa za Soyun."

"Marahaba. Utachoka kuandika, mwanangu."

"Huanza yeye mazungumzo na watu asiowajua?"

"Astaghfirullah, hana tabia hiyo. Hasemi mpaka asemeshwe."

"Hupenda kujaribu mambo mageni?"

"Hata. Hagusi kitu mpaka nimwambie."

"Mkitofautiana, husema lake?"

"Kwa mtu mzima? Ana haya mtoto yule. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Abeer akaandika. Naye ni mtoto wa humu humu, alikuwa anajua kuwa hizo ni sifa, lakini aliandika alichoambiwa. Khole akamsindikiza mlangoni amefurahi, akidhani kamjengea Soyun ghorofa.

Wiki iliyofuata Abeer akapiga simu. Soyun hakufuzu, anarudishwa kwao.

"Alama zake ziko chini, shangazi. Kwa maneno yako."

"Maneno gani? Mimi nimemsifu."

"Hayo hayo. Wao wanamtaka anayejitokeza, anayesema lake."

Khole akakaa kitako. Aliyarudia maneno yake moja moja, asione baya hata moja, kichwa kikazidi kumzunguka. Watu wazima na elimu yao, wanamtaka mtoto asiye na haya? Alitaka kuyafuta, akaambiwa yamekwisha pelekwa. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Huu wake umeponza kichwa cha mwenziwe.

Asubuhi ya safari alishindwa kuvumilia.

"Mwanangu, mimi nimekuharibia. Lakini na wewe uliulizwa. Ulijibu nini?"

Soyun akainamisha kichwa. "Nilijipa alama ndogo, bibi. Ni vibaya kujisifu."

"Nani kakufunza hayo?"

"Mama yangu."

"Na mimi mama yangu," akasema Khole, akaanza kulia. Alimshika mkono. "Basi hizo mila nyingine ni zipi? Wanakuchukua kwa lipi?"

Nje gari la chuo lilipiga honi. Soyun alitaka kukaa, na jibu alikuwa nalo. Lakini dereva alikuwa mtu mzima, na aliona aibu kumngojesha. Akatoka.