Funda la Kwanza

Mama hakuwahi kunywa kitu nilichompa kabla mimi sijakionja. Kwetu jambo hilo si geni. Anayemkaribisha mgeni togwa hupiga funda la kwanza yeye mwenyewe, mgeni akiona, ndipo anampa kibuyu. Ni adabu ya kuwatoa watu wasiwasi. Mama aliifanya sheria ya nyumba, hata kwa watoto wake wa kuwazaa. Nilidhani akina mama wote wako hivyo, mpaka nilipolala kwa shangazi nikaona binti yake anampa maji, naye anayanywa tu huku anaongea. Niliona wivu ambao mpaka leo haujaniisha.

Alikuwa amegombana na kila mtu. Mawifi walimroga, majirani walimchungulia, mchungaji alimsema kwenye mahubiri. Baba alimvumilia hivyo hivyo, sijui kwa moyo gani. Baba alipofariki nilimfuata mama ng'ambo ya kivuko cha Kigongo, nikamleta kwangu mjini, Kiseke. Jambo la kwanza alilofanya ni kusogeza kitanda mbali na dirisha.

Ndugu zangu walisema ni uzee, anaanza kuchanganyikiwa. Achanganyikiwe wapi? Mama alikumbuka hata rangi ya kanga aliyovaa wifi yake siku waliyokosana. Daktari niliyempelekea kwa ajili ya presha aliniuliza ujanani alikuwaje. Nikasema alikuwa hivi hivi. Akanieleza taratibu kwamba wao huiita hali hiyo tatizo la haiba, yaani la tabia ya mtu mwenyewe. Uzee haukuileta, umeikoleza tu, na hatari yenyewe iko kwenye presha, kwa sababu asiyemwamini mtu hamezi dawa anayopewa na mtu.

Ndivyo ilivyokuwa. Vidonge nilivikuta chini ya godoro. Kichwa kilimuuma, presha ikazidi kupanda, na bado alishikilia neno moja: nimeze kwanza mimi. Niliogopa kumpoteza. Basi nikameza. Kila asubuhi kimoja changu, kimoja chake, kama watu wanaogawana karanga. Alinikodolea macho kooni mpaka kiteremke, ndipo naye akameza. Presha yake ikashuka, nami nikajiona fundi.

Kumbe yangu, ambayo haikuwa na kosa lolote, ilikuwa inashuka pia. Asubuhi moja nilikuwa uani naparua sato, giza likanijia, nikaangukia beseni. Nilipozinduka nilikuwa kitandani. Jirani aliyesaidia kunibeba alikuwa ameshafukuzwa, bila hata asante. Nilimwambia mama kwamba ni vile vidonge. Hakunisikiliza.

"Jana ulikula kwa nani?" akauliza.

Nilikuwa nimekunywa chai kwa huyo huyo jirani, nikamwambia. Mama akaguna. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Kisha akaingia jikoni, yeye ambaye tangu aje hakuwahi kuligusa jiko langu. Akarudi na bakuli la uji wa ulezi. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akahakikisha namtazama, akapiga funda la kwanza. Akameza. Akasubiri kidogo.

"Nimeonja," akasema. "Kunywa, mwanangu."

Nilikunywa huku machozi yananitoka, na akadhani uji ni wa moto. Miaka yote nilihisi ananihesabu pamoja na maadui zake. Asubuhi ile alikuwa anawalinda watu wawili, yeye na mimi.

Daktari alinigombeza sana, nilistahili. Akashauri mama apewe pakiti ikiwa haijafunguliwa, atoboe mwenyewe. Mama aliikagua mbele na nyuma, akaipeleka kwenye mwanga, akatoboa, akameza. Tangu siku hiyo sikumeza tena vidonge vyake. Vingine vyote niliendelea kuonja: chai, supu, maji, hata dawa ya kusukutulia. Nilikuwa bado nangoja siku atakayopokea kikombe mkononi mwangu akanywa tu, huku anaongea.

Siku hiyo haikuja. Alifariki mwaka jana, na kikombe chake cha mwisho cha chai nilikionja mimi. Watu wananipa pole, wananiambia nimepumzika. Sijapumzika. Asubuhi nikipika uji napiga funda la kwanza, halafu mkono unanyooka kumpa.